Kunasa kanda kwa MPEG-2 si kwa kila kazi

Mhariri,

Makala yenu ya kuhamisha kanda za VHS kwenda DVD inamtaka msomaji anase picha (aiingize kwenye kompyuta) moja kwa moja kwa MPEG-2, kwa kuwa ndiyo kodeki, yaani mbinu ya kubana picha, ya DVD. Sawa, kama kanda haitahaririwa hata kidogo. Lakini anayetaka kukata vipande au kupunguza chenga atajuta. MPEG-2 huhifadhi fremu moja kamili katika kila 12 hadi 15. Zilizobaki huandikwa kama tofauti tu. Ukihariri, picha hubanwa mara ya pili, na chenga zilizokwisha kuganda kuwa viraka vya mraba hazisafishiki tena. Kodeki mpya zaidi, H.264, ina kasoro hiyohiyo, na zaidi ya hapo DVD-Video haiikubali.

Kwa kazi ya kuhaririwa, nasa kwa kodeki za HuffYUV au FFV1, ambazo hazipotezi kitu. Saa moja ya PAL (mfumo wa televisheni wa fremu 25 kwa sekunde), pikseli 720 kwa 576, rangi 4:2:2 (rangi huhifadhiwa nusu ya mwangaza), ikiwa ghafi hula takriban gigabaiti 75. HuffYUV huipunguza kufikia karibu nusu. Mfumo wa faili wa diski uwe NTFS au exFAT, maana FAT32 haipokei faili la kufika gigabaiti 4. Nafasi ikibana, DV (kodeki ya kamera za kanda za kidijiti) hutumia gigabaiti 13 kwa saa na kila fremu hujitegemea, ila rangi hupungua; nguo nyekundu ndizo huonyesha kwanza.

Wakati wa kunasa, macho yawe kwenye kihesabu cha fremu zilizodondoka. Zikidondoka bila kujazwa, picha hutangulia sauti, na pengo huongezeka kadiri kanda inavyoendelea. Chanzo huwa diski nzito au mawimbi ya deki yanayoyumba. Kwa hilo la pili dawa ni kisawazisha muda (TBC), kifaa kinachonyoosha mawimbi, kati ya deki na kadi ya kunasa.

Msiondoe mistari inayopishana (kila fremu ya VHS ni nusu mbili, mistari ya juu na ya chini, zinazoonyeshwa kwa zamu): DVD inaibeba vizuri. Hakikisheni tu mpangilio wake. DV huanza na mistari ya chini, kadi nyingi huanza na ya juu. Ukikosea, kila kinachotembea hurukaruka mbele na nyuma.

Mwisho ndipo MPEG-2 inapoingia, mara moja tu: megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya saa moja, 4.8 kwa ya saa mbili, na sauti ya AC-3 (Dolby Digital) ya kilobiti 224 kwa sekunde, kilohezi 48. Saa tatu kwenye diski moja ya gigabaiti 4.7? Chukua diski ya pili.

Fundi wa video, msomaji wenu