Mpima aitwe kabla ya msingi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie upimaji ardhi hapa Dodoma, kazi inayoniweka juani karibu kila siku. Tangu Serikali ihamie huku, na hasa baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, mashamba ya mtama na zabibu ya pembezoni yamekuwa yakigeuka viwanja kwa kasi inayotushinda sisi wapimaji. Mara nyingi naitwa nyumba ikiwa imeshafika kwenye linta, nasimamisha mashine ya kupimia, na kukuta jiko limeingia katika barabara iliyochorwa na mipango miji. Mwenye nyumba hunionesha karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa, akiamini kwamba hiyo ndiyo hati. Huwa nakosa la kumwambia. Bikoni nazo, yaani alama za mipaka ya kiwanja za nondo iliyozungushiwa zege, hung'olewa ovyo, na niliwahi kuikuta moja imegeuzwa figa. Naomba ramani za mipango miji zilizoidhinishwa zibandikwe katika ofisi za mitaa, ili mnunuzi azione kabla hajatoa fedha yake.

Mpima ardhi,
Dodoma