Ishike Nguzo Kiunoni

Rafiki yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Barua yako imenikuta na blanketi mapajani, hilohilo unaloliulizia. Unasema mtindo wa kufuma vijumba vya mraba kwa sindano ya kulabu, huu wanaouita wafo, umeujaribu mara mbili na mara zote umetoka bapa kama kitambaa cha kawaida. Nadhani najua ulipokwama, maana nami nilikwama papo hapo wiki nzima.

Shida ni pale unapoingiza sindano. Tumezoea kuingiza kichwani mwa nguzo, yaani ule mshono mrefu unaosimama wima, kwenye vile vitanzi viwili vya juu. Kwenye wafo kuna nguzo za kushikwa kiunoni. Zungusha uzi kwenye sindano kama siku zote, halafu kichwa usikiguse kabisa. Ingiza ncha kuliani mwa nguzo ya mstari wa chini, ipitishe nyuma yake, itokeze kushotoni. Nguzo nzima italala mbele ya sindano. Hapo vuta uzi, umalizie nguzo yako kama unavyojua. Itachomoza mbele ya wenzake, utaihisi hata kwa kidole ukiwa umefumba macho.

Anza na pingili 62, vile vitanzi vya mnyororo wa mwanzo. Hesabu yoyote ya tatu-tatu ukiongeza mbili inafaa, ila 62 inatosha kujifunzia. Nguzo ya kwanza iingie kwenye pingili ya nne kutoka kwenye sindano, uendelee hadi mwisho. Zile tatu ulizoruka zinahesabiwa kama nguzo moja, kwa hiyo utapata nguzo 60. Mstari wa pili, baada ya nguzo ya pembeni, shika moja kiunoni, kisha mbili za kawaida, hivyo hivyo. Utamalizia na moja ya kiunoni na ya pembeni. Mstari wa tatu unageuza: juu ya ile uliyoishika kiunoni weka nguzo ya kawaida, na zile mbili za kawaida ndizo unazozishika kiunoni sasa. Ukifanya hivyo, vichwa vyao vinasukumwa upande wa pili na kulala kama ukuta mfupi. Ukuta huo pamoja na nguzo zilizosimama ndiyo kijumba chenyewe. Basi, ni mistari hiyo miwili tu, inapokezana.

Mimi nilikosea katikati ya blanketi. Nilikuwa nazungumza, nikashika mbili pale pa kushika moja, na sikugundua mpaka mistari minane baadaye, nilipolitandaza nikaona vijumba vimehama njia. Nilifumua yote minane. Iliniuma, lakini kosa la aina ile halifichiki, linamkodolea macho kila anayelishika. Siku hizi sihesabu sana, nautazama mstari wa chini: iliyochomoza peke yake inaniambia niko wapi.

Kuhusu sweta unalotaka kufuma, nina wasiwasi kidogo. Wafo unakula uzi kuliko nguzo za kawaida na unavuta kitambaa ndani, upana unapungua. Kwa blanketi ni neema, vile vijumba vinashika hewa na joto linakaa. Mabegani ni mzigo. Chukua uzi mwembamba na sindano kubwa kidogo kuliko unayoizoea, kitambaa kilegee. Pamba nisingeitumia, ni nzito na sweta litaning'inia. Na tafadhali, fuma kwanza kipande cha sentimita 15 kwa 15, ukifue, kikauke, ndipo upime. Usikipige pasi, vijumba vitalala visiamke tena, hasa kama uzi ni wa akriliki.

Ukifika mstari wa tano niandikie. Hapo ndipo mimi nilipoviona vya kwanza, nikaacha kufuma nikawa navipapasa tu.

Akupendaye daima,
Rafiki yako