Kadi ya mtu wa tatu inasumbua hata huku Marekani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwenye simu barua ya msomaji wenu wa Mwanza, aliyenunua pikipiki Geita miaka miwili iliyopita na mpaka leo kadi ya umiliki ina jina la mtu wa tatu, wala si la yule aliyempa hela. Analalamika na ana haki. Ila pale alipoandika kwamba kwa wenzetu Marekani mambo haya ni kubonyeza kitufe tu, nimeona nimjibu. Mimi niko huku, na kitufe hicho sijakiona.

Ni mtu wa Tanga, mtoto wa Ngamiani, na kabla ya kuondoka niliendesha bodaboda miaka minne. Sasa naishi Louisville, jimbo la Kentucky, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Mji huu una Waswahili wengi kuliko mnavyodhani huko nyumbani, hasa ndugu zetu wa Kongo. Kaskazini yetu ni mto Ohio, na ng'ambo ya mto ni jimbo jingine, Indiana. Unavuka daraja, dakika chache tu, lakini ukishuka upande wa pili umebadilisha kodi, ofisi na sheria za vyombo vya moto. Kila jimbo lina hati zake, na hati ya jimbo hili haigeuki yenyewe kuwa ya jimbo lile.

Aprili mwaka jana niliona tangazo la Honda Rebel, cc 250, ya mwaka 2008, bei dola 1,800. Muuzaji ni kijana wa New Albany, ng'ambo. Nikaenda na mfanyakazi mwenzangu mwenye pikapu, kwa sababu kule Indiana namba hubaki kwa muuzaji, haiondoki na chombo, na mimi sikutaka kuvuka mto na pikipiki isiyo na namba.

Hati ya umiliki huku tunaiita taito. Jambo moja lake ninalipenda: nyuma yake kumechapwa mkataba wenyewe. Muuzaji anasaini hapo hapo, linaandikwa jina la mnunuzi, bei, tarehe na maili ambazo chombo kimetembea. Kijana alinipa taito iliyokwisha kusainiwa na mzee mmoja wa Corydon, mji wa huko huko Indiana. Nafasi ya mnunuzi ilikuwa tupu. Yeye alikuwa amenunua kwa yule mzee miezi minane nyuma na hakuwahi kuandikisha. "Jaza tu jina lako," akaniambia, kama anayenifanyia hisani.

Hapo ndipo ninapojishangaa hadi leo. Nilishawahi kuumwa na nyoka huyu. Pikipiki yangu ya Tanga niliinunua na kadi ya mtu wa Korogwe, nikaiendesha raha mustarehe, mpaka siku nilipogongana na bajaji na kituoni wakamtaka mwenye kadi. Mwenye kadi alikuwa ameshazikwa. Watoto wake walitaka laki mbili ili waje kusaini, na hapo ilibidi kwanza nikae msibani kwao nusu siku, nile na wali. Pamoja na hayo yote nikatoa kalamu mfukoni mwa shati, nikaiweka taito juu ya boneti ya pikapu na kuandika majina yangu matatu kwa herufi kubwa, wino mweusi. Nilimpa dola 1,200. Mia sita tukakubaliana nimletee siku ya mshahara. Mia sita hizo ndizo zilizoniokoa.

Ukileta chombo Kentucky kutoka jimbo jingine, kwanza sherifu anakikagua. Nililipa dola 5. Askari alipiga magoti, akamulika tochi kwenye shingo ya usukani, akafuta tope kwa kidole gumba na kusoma chesisi namba herufi moja moja, zote 17, huku akiilinganisha na taito. Akaandika na maili. Ilikuwa sawa, nikaondoka nikitabasamu.

Kwa karani wa kaunti, anayeandikisha vyombo vya moto, tabasamu likaisha. Mama wa dirishani aligeuza taito, akaangalia jina la mzee, kisha akaniuliza kwa upole, "Huyu ndiye aliyekuuzia?" Mhariri, sitaficha: sekunde mbili tatu nilifikiria kusema ndiyo. Lakini fomu ya maombi inataka muuzaji na mnunuzi wote waape kuhusu bei, kwa sababu Kentucky inatoza asilimia 6 ya bei hiyo, na bila kiapo watatoza kwa thamani iliyo kwenye kitabu chao. Sasa nani aape? Mzee hakuniuzia mimi. Aliyeniuzia hakuwa na jina popote kwenye karatasi. Nikasema hapana. Yule mama akairudisha taito chini ya kioo kwa kidole kimoja.

Nikaelezwa kwamba kijana alikuwa ameruka jina. Angeandikisha pikipiki kwake Indiana angelipa asilimia 7 ya kodi ya mauzo na dola 15 za taito, kwa hiyo aliona heri apitishe karatasi mkononi kama karanga za shilingi mia. Ni kosa kisheria. Dawa yake ni yeye kwanza aandikishe kwa jina lake, ndipo aniuzie. Ingekuwa kazi ya siku chache, ila kulikuwa na majina yangu matatu kwa wino mweusi. Nafasi ya mnunuzi ni moja, na ukifuta au kukata taito inaharibika. Kalamu yangu mwenyewe ilikuwa imefunga mlango. Ikabidi mzee aombe nakala mpya ya taito, na anayeruhusiwa kuiomba ni mwenye jina peke yake.

Nilikwenda Corydon Jumamosi mchana, sijalala tangu zamu ya usiku. Nilitegemea kufukuzwa. Mzee alinikaribisha gereji, akanipa kiti cha plastiki, akauliza kama ile pikipiki bado inakataa kuwaka asubuhi za baridi. Kisha akaingia ndani na kurudi na bahasha mbili. Zilikuwa ankara za daraja. Kuna madaraja ya kulipia hapa, la Lincoln na la Kennedy, hayana kibanda wala mtu wa kukata tiketi. Kamera inapiga picha namba yako na ankara inakwenda nyumbani kwa mwenye namba. Mzee hakung'oa namba yake siku alipouza. Kijana akavuka na kuvuka, na mzee wa watu, ambaye hakuwa tena na pikipiki, akawa analetewa ankara za safari asizosafiri. "Nilidhani kusaini kunatosha," akasema. Siku hiyo hiyo alijaza fomu ya nakala.

Kijana naye alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Mia sita yake ilikuwa kwangu na zile bahasha zilikuwa kwa mzee. Ilichukua wiki saba. Taito mpya ikatoka kwa jina lake, tukakutana benki, tukasaini fomu mbele ya notari, yaani ofisa wa kushuhudia saini, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Nililipa kodi dola 108, dola 9 za taito, na ada ya namba juu yake. Muda wote huo pikipiki ilikaa chini ya turubai nyuma ya nyumba, nami kila asubuhi narudi kutoka kazini kwa basi naitazama.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwanza, watu wa huku hawawazidi wa Geita kwa uaminifu. Kilichonilazimisha mimi ni kwamba bila taito yenye jina langu sipewi namba, na bila namba sitoki hata nje ya geti. Wewe umeendesha miaka miwili kwa kadi ya mtu, mimi Tanga niliendesha mitatu, na hakuna aliyetuuliza. Hapo ndipo ningependa wahusika wetu waangalie, kabla ya kutuletea mfumo mwingine wa kubonyeza. Muuzaji na mnunuzi wafike pamoja, na anayepokea hela awe ndiye mwenye jina kwenye kadi. Na muuzaji asidhani ni shida ya mnunuzi peke yake. Yule mzee wa Corydon anaweza kumweleza.

Na kwa ndugu zetu wageni wa huku, maana najua wengi wanalisoma gazeti hili usiku wakiwa mapumzikoni: taito iliyosainiwa na mtu ambaye hayupo mbele yako, usiiguse kwa kalamu. Soma pia upande wa mbele kama kuna benki inayodai. Bakiza hela hadi karani aseme ndiyo.

Msomaji wa Mwanza umeandika kwamba mwenye kadi yupo hai na anauza mahindi Geita mjini, na kwamba umekosa nafasi ya kumfuata. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hakuna tena kusubiri feri. Nenda naye yule aliyekuuzia, mkiwa watatu.

Wenu,
Bodaboda mstaafu,
Louisville, Kentucky