Mlichota maji ya kisima chetu, majibu yako wapi?

Mhariri,

Kwetu Kisauni usiulize kama kuna maji. Yapo, kamba na ndoo yako tu. Uliza ni maji gani. Kisima tunachochotea nyumba kumi na moja kiko hatua kumi na nne kutoka choo cha shimo, nimezihesabu mwenyewe. Masika yakikaza, maji hupanda yakawa na rangi ya chai ya mkandaa. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe, umejaa matundu, na uchafu wa chooni haukawii kufika kisimani.

Mfereji tunao, kazi yake ni kukohoa hewa. Maji ya chemchemi za Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Taita Taveta, lakini mlangoni kwangu hayafiki. Mwenye chochote hununua mtungi wa lita 20 kwa wenye mikokoteni. Ukiwauliza wameteka wapi, wanacheka.

Kipindupindu kikizuka tunaambiwa tuchemshe. Tunachemsha, na makaa tunayanunua. Ila moto huua vijidudu tu. Chumvi inabaki, sufuria yangu ina utando mweupe hadi leo. Naitreti, kemikali zitokazo vyooni, nazo zinabaki, na maji yakipungua jikoni ndivyo zinavyozidi kukolea. Zikizidi, ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo: damu hushindwa kubeba oksijeni, midomo ikageuka samawati. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Maji yetu yana ngapi? Jirani yangu ana mtoto wa miezi miwili.

Mwaka jana maafisa walikuja kupima maji, wakajaza chupa mbili, wakabandika jina la mwenye kisima, wakaenda zao. Nimefuata majibu mara tatu. Mara ya tatu karani akaniambia ni ya matumizi ya ofisi. Kumbe mimi ninayekunywa maji hayo sihusiki!

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Najua bomba ni ghali, na habari za Bwawa la Mwache, la kutuletea maji kutoka Kwale, tumezisikia miaka. Sidai bomba leo. Nadai karatasi moja ibandikwe ukutani kando ya kisima: tarehe ya kipimo, kilichopatikana, na kama maji ni ya kunywa au ya kufulia tu. Gundi nitanunua mimi.

Mama wa watoto watatu,
Kisauni, Mombasa