Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: Fomu inamwadhibu aliyepimwa usingizi

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Kudhibiti Bima,
Nairobi.

KUH: BIMA YA MAISHA KWA WANAOKATIKA PUMZI USINGIZINI

Kamishna, pokea salamu zetu kutoka Nakuru na Kisumu.

Sisi ni mawakala wa bima ya maisha pamoja na wahudumu wa afya wanaopima usingizi. Tunakuandikia kuhusu swali moja la fomu ya maombi, lile linaloulizia iwapo daktari amewahi kukuambia una tatizo la kupumua au la usingizi. Anayejibu ndiyo huongezewa ada, huahirishwa au hukataliwa. Dereva wa lori wa Nakuru kwenda Malaba anayekoroma hadi jirani anasikia, lakini hajawahi kupimwa, hujibu hapana bila kusema uongo wowote na hupata bima kwa ada ya kawaida. Anayebeba mzigo ni yule aliyepimwa na anayetibiwa. Yule wa hatari kubwa zaidi, ambaye kesho atashuka mteremko wa Salgaa akisinzia kwenye usukani, anaingia vitabuni kama mtu mzima wa afya. Na madereva wameshalijua hilo, ndiyo maana wengine hawataki kabisa kusikia habari ya kipimo.

Ugonjwa huu una hesabu. Koo hulegea mtu akilala, njia ya hewa ikaziba au kubana, na kila tukio linalohesabiwa hudumu sekunde 10 au zaidi. Idadi ya matukio kwa saa huandikwa AHI kwenye ripoti: chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni kiasi kidogo, 15 hadi 30 ni wastani, na 30 kwenda juu ni kali. Mwenye 8 na mwenye 60 ambaye oksijeni ya damu yake inashuka hadi asilimia 70 wana jina moja la ugonjwa kwenye faili, ilhali hatari zao ni mbingu na ardhi. Tena mwenye 60 anayevaa barakoa ya CPAP, mashine inayosukuma hewa ili koo lisizibe, kila usiku mara nyingi hushuka chini ya 5. Afisa anayepima hatari akisoma jina tu, amesoma jalada la kitabu.

Faili inayostahili kusomwa ina ripoti kamili ya kipimo, si barua ya mistari miwili. Ionyeshe AHI, oksijeni ya chini kabisa, muda ambao oksijeni ilikuwa chini ya asilimia 90, na uzito wa mtu siku aliyopimwa. Iambatane na ripoti ya mashine ya siku 90 za karibuni, vipimo vya presha na sukari, na barua ya daktari yenye alama za Epworth, yale maswali manane ya kusinzia mchana yanayojumlishwa hadi 24. Zaidi ya 10 ni dalili kwamba mtu bado anasinzia kupita kiasi, hata kama mashine inaonyesha namba nzuri.

Ripoti ya mashine ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Kigezo kinachotajwa sana ni kutumia mashine saa 4 au zaidi kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku, ambacho Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, hukitumia kuamua kama itaendelea kumlipia mgonjwa mashine. Huku kwetu stima hupotea, tokeni huisha saa nane za usiku, na usiku huo mashine huandika saa chache au sifuri. Ripoti nyingi huwa na wastani wa aina mbili: wa siku zote, na wa siku ambazo mashine ilitumika. Mtu mwenye saa 6 na nusu kwa siku alizotumia, lakini saa 4 na dakika chache kwa siku zote, huenda ana shida ya umeme. Anahitaji betri. Kumwandika kuwa amekaidi matibabu ni kumwonea.

Hewa inayovuja nayo huharibu hesabu. Barakoa ikiwa kubwa mno, mpira wake ukichakaa, au ndevu zikizuia isikae vizuri usoni, AHI inayobaki mtu akiwa kwenye mashine hupanda. Dawa yake ni barakoa nyingine, kisha ripoti mpya baada ya mwezi. Wanaonunua mashine za mtumba nao wahakikishe kumbukumbu imefutwa kwanza, la sivyo saa za mwenye mashine wa zamani zitaingia kwenye faili yao.

Kuna jambo ambalo hatujaona likiulizwa: mwombaji hulala wapi? Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru zaidi ya 1,800, na Molo ni juu zaidi ya hapo. Kadiri unavyopanda, oksijeni ya damu hushuka kidogo hata kwa mtu mzima wa afya, hasa akilala. Ripoti ya mtu wa Molo ikisomwa kwa macho ya Mombasa, atahesabiwa ugonjwa ambao sehemu yake ni mlima.

Nyongeza ya ada si jambo dogo. Ada ya shilingi 3,000 kwa mwezi ikiongezwa asilimia 75 inakuwa 5,250. Tofauti ni 27,000 kwa mwaka, na 540,000 kwa mkataba wa miaka 20. Kama barua ya kampuni haisemi nyongeza itaangaliwa upya lini, mteja anayetumia mashine vizuri mwaka mzima ataendelea kulipa kana kwamba hatumii.

Wapo pia mawakala wanaomwambia mteja aandike hapana ili fomu ipite na kamisheni iingie. Huo ni mtego. Mteja akifa, kampuni huomba rekodi za hospitali, ikikuta kipimo hukataa kulipa kwa hoja kwamba ukweli ulifichwa, na mjane ndiye anayebaki na barua mkononi.

Hatusemi bima isipime hatari. Lakini kifungu cha 27 cha Katiba kinataja hali ya afya miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na UKIMWI ya 2006 ilishazitaka kampuni ziweke kiwango cha bima ambacho chini yake mwombaji halazimiki kutaja hali yake. Njia ya kuzungumza na kampuni kuhusu ugonjwa ipo.

Tunaomba ofisi yako itoe waraka. Swali la sasa liondolewe, na kila mwombaji, awe amepimwa au la, aulizwe maswali manane ya STOP-Bang: kukoroma, uchovu wa mchana, kuonekana akikatika pumzi, presha, uzito kulingana na kimo, umri zaidi ya miaka 50, shingo inayozidi sentimita 40, na jinsia. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima shingo. Mwenye alama 5 au zaidi apewe muda wa kupimwa, na kipimo cha nyumbani kikubaliwe, maana si kila mtu wa Busia ataweza kulala maabara ya Nairobi. Aliyeongezewa ada au kukataliwa aandikiwe namba iliyotumika kuamua na tarehe ya kuangaliwa upya, isiyozidi miezi 12.

Kampuni pia ziruhusu wakala kuuliza kwanza bila kutaja jina la mteja, kwa sababu fomu huuliza kama umewahi kukataliwa mahali pengine, na jibu la kampuni moja humfuata mtu kwenye zote.

Tuko tayari kuleta fomu na ripoti za mfano, majina yakiwa yamefutwa, siku yoyote utakayotuita.

Wako,
Mawakala wa bima ya maisha na wahudumu wa vipimo vya usingizi,
Nakuru na Kisumu