Plasta inayobanduka Mji Mkongwe huanzia ofisini

Ndugu Mhariri,

Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, plasta ya saruji ikibanduka ukutani lawama humwangukia fundi. Sisi tulio kwenye usanifu majengo tunajua kwamba mara nyingi kosa hilo lilichorwa ofisini.

Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa polepole. Ukizifunika kwa saruji, unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, nayo huvimba na kung'oka pamoja na uso wa jiwe. Kinachofaa ni chokaa, kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3, ipigwe matabaka membamba na kulowanishwa kwa siku kadhaa. Basi kwa nini mchoro unasema saruji? Kwa sababu umenakiliwa kutoka kazi iliyopita, nyumba ya matofali ya saruji. Kijana aliyeunakili hajawahi kuugusa ukuta wenyewe, na anaogopa kuuliza, maana pale ofisini anayeuliza huonekana hajui kazi.

Woga huo una mzizi wa fedha. Mteja hulipa kwa awamu, na fungu kubwa hutoka michoro inapokabidhiwa. Usimamizi wa ujenzi hupunguziwa malipo au huachwa kabisa. Mkuu wa ofisi anasukuma michoro itoke, saiti haendi mtu.

Tunaziomba ofisi zenye kazi Bagamoyo zianze na kupima. Kijana aende na futi kabla ya kuchora: upana wa chumba sehemu tatu, kisha kona hadi kona mara mbili, kwani pembe za vyumba vile si mraba, na upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo ni nadra kuzidi mita 3. Mchoro ukaguliwe na mtu asiyeuchora, kwa kalamu nyekundu, akiandika sababu ya kila alama; bila sababu, kijana hutii tu, hajifunzi. Toleo jipya likitoka, la zamani lirudishwe kutoka saiti siku hiyohiyo, la sivyo fundi ataendelea kujenga kwa toleo A ilhali ofisi imefika C. Na safari za saiti ziandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, kwa idadi na gharama, ili mteja ajue anacholipia.

Wasanifu majengo,
Bagamoyo