Barua kwa mwanangu: namna ya kusoma tahadhari ya safari ya nchi yenye uhaba

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako kuhusu safari ya Kuba, na hoja yako nimeielewa. Unasema kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliiweka Kuba katika ngazi ya pili ya tahadhari za safari, yaani maonyo inayowapa raia wake kuhusu hatari za nchi nyingine, ngazi ile ile iliyopewa Ufaransa, na kwa kuwa hakuna mzazi anayekosa usingizi kwa sababu mtoto wake anakwenda Paris, huoni kwa nini mimi nihangaike juu ya Havana. Hoja hiyo ina mantiki, lakini umeijenga juu ya namba peke yake, na namba ndiyo sehemu ya tahadhari inayoeleza machache kuliko sehemu nyingine zote. Wewe ni mtu mzima na uamuzi wa kwenda ni wako. Ninachoomba ni kwamba uamue baada ya kuisoma hati yote, mstari kwa mstari, kwa kuwa katika nchi yenye uhaba mambo yenye uzito yamewekwa katika maelezo ya chini ambayo wasafiri wengi hawafiki.

Tangu Januari 2018 Marekani hutumia ngazi nne: ya kwanza humtaka msafiri achukue tahadhari za kawaida, ya pili aongeze tahadhari, ya tatu aifikirie upya safari yake, na ya nne asisafiri kabisa. Kando ya ngazi huandikwa sababu, na hapo ndipo Ufaransa na Kuba zinapoachana. Kwa Ufaransa sababu zilizotajwa ni ugaidi na machafuko ya kiraia; kwa Kuba, mwaka 2024, sababu ilikuwa uhalifu. Kanada nayo ina ngazi nne, nayo pia iliiweka Kuba katika ya pili, lakini sababu yake ilikuwa tofauti kabisa: uhaba wa mahitaji ya msingi, yakiwamo chakula, dawa na mafuta. Kisiwa ni kimoja na ngazi ni ile ile, lakini serikali mbili zimeona hatari mbili. Nadhani tofauti hiyo inaeleweka ukikumbuka kila moja inamwandikia nani. Wakanada ndio kundi kubwa la watalii wanaokwenda Kuba, wengi wao wakifikia katika hoteli za ufukweni kama zile za Varadero, ilhali sheria ya Marekani hairuhusu raia wake kwenda huko kwa utalii tu. Serikali ya Kanada inaandika kile ambacho raia wake wanakutana nacho mezani na kwenye duka la dawa.

Sasa linganisha sababu zenyewe. Ugaidi ni tukio ambalo msafiri mmoja mmoja, kwa uwezekano mkubwa, hatakutana nalo maishani. Uhaba hauna bahati nasibu ya namna hiyo, kwa sababu humkuta kila aliyeko nchini, kila siku, na hulifanya jambo dogo ambalo kwingine lingeisha kwa saa moja liwe jambo la siku tatu. Kwa hiyo ngazi ya pili ya Ufaransa inakutaka uwe macho penye msongamano wa watu, na ngazi ya pili ya Kuba inakutaka upange upya mzigo wako, njia yako, fedha zako na mahali utakapolala.

Tazama yaliyotokea tarehe 18 Oktoba 2024. Mtambo wa kuzalisha umeme wa Antonio Guiteras, ulioko Matanzas, ulizimika, na gridi ya taifa ikaanguka yote, nchi ya watu wapatao milioni 10 ikabaki gizani. Mafundi wakiwa bado wanahangaika kuirejesha, tarehe 20 kimbunga Oscar kikapiga mashariki ya kisiwa. Tahadhari za safari huandika kukatika kwa umeme, upungufu wa mafuta, maji na vimbunga katika aya tofauti, na msomaji huzisoma kama hatari nne zisizohusiana, wakati katika maisha ya kweli moja huivuta nyingine: umeme ukikosekana pampu za maji husimama, mashine za benki hazitoi fedha, mawasiliano ya simu hudhoofika, na jenereta ya hospitali hutegemea mafuta yale yale ambayo hayapatikani. Ukiona maneno "upungufu wa mafuta", usifikirie teksi tu. Fikiria gari la wagonjwa.

Hapa nazungumza nawe kama mama anayejua kifua chako. Pumu yako imetulia kwa sababu dawa ya kuvuta haijawahi kukosekana. Tahadhari ya Kanada inapotaja dawa miongoni mwa vitu adimu, kwako hayo si maelezo ya jumla. Ni sentensi iliyokulenga wewe. Chukua dawa ya kukutosha muda wote wa safari na ziada ya kutosha kama ndege ikichelewa kwa majuma, uiweke kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, ikiwa katika vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari. Usijitegemeze kwa kifaa chochote cha tiba kinachohitaji umeme wa ukutani.

Kuna jambo la bima ambalo vijana huliruka. Kuba yenyewe, tangu mwaka 2010, inamtaka kila mgeni aingie akiwa na bima ya matibabu, lakini kuwa na karatasi ya bima na kulipwa ni mambo mawili. Katika nchi kama Uingereza, serikali ikishatoa ushauri dhidi ya safari zote isipokuwa za lazima, bima nyingi za safari hukoma kumlinda anayekwenda kinyume cha ushauri huo, na kampuni nyingi za nchi nyingine hufuata mtindo unaofanana. Kwa hiyo kupanda kutoka ngazi ya pili kwenda ya tatu kunaweza kuamua ni nani atakayelipa gharama za hospitali. Uliza kampuni yako kwa maandishi inafuata tahadhari ya serikali gani, na ngazi ikipanda ukiwa tayari umefika itakuwaje. Kumbuka pia kwamba hati unazozisoma zinachukulia kuwa msomaji ana ubalozi wa Kanada au wa Marekani wa kukimbilia. Pasipoti yako si ya huko, hivyo sehemu ya msaada wa kibalozi uitafute upya kwa ubalozi wa nchi yako.

Tazama tarehe. Marekani huzipitia ngazi ya kwanza na ya pili angalau mara moja kwa mwaka, na ya tatu na ya nne kila baada ya miezi sita, ingawa huweza kuzibadilisha wakati wowote mambo yakibadilika. Uhaba hausubiri ratiba hiyo. Nchini Sri Lanka, tarehe 27 Juni 2022 serikali ilisitisha uuzaji wa mafuta kwa magari ya watu binafsi kwa wiki mbili, na kabla wiki hizo hazijaisha, tarehe 9 Julai, waandamanaji walikuwa wameingia katika makazi ya rais. Aliyesoma tahadhari ya mwezi mmoja nyuma alikuwa anasoma habari za nchi nyingine. Ndiyo maana mstari unaosema maandamano yaepukwe ninausoma pamoja na ule wa uhaba: huko Santiago de Cuba, mji wa mashariki ya kisiwa, Machi 2024, watu waliingia barabarani wakidai umeme na chakula. Ukikuta mkusanyiko wa namna hiyo, ondoka, wala usipige picha.

Na hao waliokuwa barabarani uwafikirie kwa heshima. Mwaka huo huo serikali ya Kuba iliomba msaada wa Mpango wa Chakula Duniani wa Umoja wa Mataifa ili maziwa ya unga ya watoto wadogo yasikatike. Mgeni mwenye euro anaweza kununua kilichobaki dukani bila kujua amekichukua kutoka kwa nani. Kwa hiyo beba mahitaji yako madogo madogo kutoka uliko, na usinunue kwa wingi kitu ambacho wenyeji wanakipangia foleni.

Maoni yangu ni kwamba Havana unaweza kwenda, iwapo tahadhari haitapanda. Safari ya gari la kukodi kutoka Havana hadi Santiago de Cuba, uliyoitaja katika ujumbe wako, siiafiki hata kidogo: ni zaidi ya kilomita 800, katika nchi ambayo Machi 2024 ilipandisha bei ya petroli zaidi ya mara tano na ambako kulipa bei hiyo hakuhakikishi kwamba kituo kina mafuta. Tafuta malazi ambayo mwenyewe atakujibu waziwazi kama ana jenereta na tangi la maji. Beba fedha taslimu za kutosha, kwa kuwa kadi za benki za Marekani hazikubaliwi huko, na usizibadilishe mitaani, hata ukiona kwamba mwishoni mwa 2024 mtaani dola moja ilifika zaidi ya peso 300 wakati kiwango rasmi kwa watu binafsi kilikuwa 120, kwa kuwa biashara hiyo ni kinyume cha sheria na mgeni ndiye rahisi kutapeliwa.

Kabla hujalipia tiketi, nitumie majibu ya kampuni ya bima, anwani ya malazi, na jina la mtu wa ubalozini uliyezungumza naye. Tahadhari za Kanada na Marekani nitazifungua mimi mwenyewe kila Jumatatu hadi siku ya kuondoka, nawe ufanye hivyo hivyo, kisha tupigiane simu tukiona sentensi yoyote imebadilika.

Mama yako